Tairi Kupasuka Ukiwa Safarini kwenye Barabara Kuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa kila anayejiandaa kwa safari ndefu ya gari, awe ndiye dereva au ameketi kando yake. Maswali yanafuata tukio lenyewe linavyokwenda: sekunde za kwanza, kusimama kando ya barabara, kubadilisha tairi, kisha sababu na maandalizi. Ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili la kwanza.

Tairi likipasuka gari likiwa mwendo wa kasi, nifanye nini kwanza?

Usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, mmoja kila upande, uubane sawasawa ili gari libaki kwenye mstari wake. Mguu ulio kwenye mafuta usiuondoe ghafla. Gari likishatulia na kuelekea unakotaka wewe, achia mafuta polepole, liache lipunguze mwendo lenyewe. Tairi lililopasuka linalikwamisha gari vya kutosha. Ukishafika mwendo mdogo, kama kilomita 30 au 40 kwa saa, ndipo uwashe indiketa na kusogea kando taratibu. Breki zikihitajika hapo mwishoni, ziguse kidogo kidogo.

Mambo haya yote hutokea haraka mno. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu za kushtuka ni zaidi ya mita 80 za barabara. Ndiyo maana nakuomba ulijue jibu hili kabla hujaondoka nyumbani. Pale barabarani utasikia mshindo kama wa bunduki, kisha mpira uliochanika ukichapa bodi ya gari, na mguu wako utakimbilia breki bila kukuuliza. Keti kwenye gari lililozimwa, shika usukani, ujisemee kwa sauti: usukani, mafuta, subiri. Rudia mara kadhaa hadi mwili uzoee.

Kwa nini nisikanyage breki wakati nataka kusimama?

Kwa sababu gari hushika barabara kwa matairi manne, na sasa moja halishiki tena. Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito wa gari huhamia mbele. Kama lililopasuka ni la mbele, upande huo tayari unaburuta, na breki huuzidishia kuvuta. Gari hugeukia huko. Kama ni la nyuma, mkia huwa mwepesi, hukosa mshiko, na gari huweza kuzunguka lenyewe au kupinduka. Kuachia mafuta kwa mara moja huleta madhara ya namna hiyo hiyo, ingawa madogo, kwa kuwa injini nayo hushika magurudumu.

Wapo walimu wa udereva wanaofundisha kuongeza mafuta kidogo kwa nukta moja tairi linapopasuka. Nia yake ni kulisukuma gari mbele ili lisivutwe pembeni, wala si kukimbia zaidi. Kwa maoni yangu, kwa dereva wa kawaida inatosha kuyashikilia mafuta pale yalipokuwa. Ni rahisi kukumbuka, na aliyeshtuka hawezi kupima “kidogo” ni kiasi gani.

Magari ya sasa yenye mfumo wa kuzuia kuserereka husaidia, kwa kuwa hubana breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha gari kwenye mstari. Lakini mfumo huo hutumia mshiko uliopo. Hauwezi kuumba mshiko mpya.

Nitajuaje kama ni tairi la mbele au la nyuma?

La mbele utalisikia mikononi: usukani unavuta upande mmoja na kutetema. La nyuma utalisikia kwenye kiti: mkia wa gari unayumba huku na huku. Unachopaswa kufanya ni kile kile, kwa hiyo usipoteze hata nusu sekunde ukilitafuta.

Gari lilikuwa linajiendesha kwa mwendo niliolipangia. Je?

Mfumo huo ukiona gari linapungua mwendo huweza kuongeza mafuta. Gari likishanyooka, uzime kwa kitufe chake badala ya kugusa breki.

Gurudumu limeshatoka nje ya lami. Nirudi haraka?

Hapana, na hapa ndipo ajali nyingi huzaliwa baada ya dereva kushinda ile hatari ya kwanza. Akijiona amechungulia ukingo, anavuta usukani kwa nguvu, tairi linakwea ukingo wa lami kwa kishindo, gari linavuka hadi upande wa wanaokuja, au linapinduka. Baki kwenye changarawe ukiwa umenyoosha usukani, acha mwendo upungue, na kama hakuna mtaro wala mti mbele yako, malizia kusimama huko huko. Kurudi barabarani si lazima. Safari imeshasimama hata hivyo.

Nisimame wapi?

Mahali palipo sawa na pagumu, mbali na lami kadiri inavyowezekana, na ambapo anayekuja nyuma anakuona kutoka mbali. Usisimame mara tu baada ya kona au baada ya kuvuka kilele cha mlima. Kama hapo ulipo pana hatari, endelea kutambaa polepole hadi upate mahali pazuri, hata kama rimu itaharibika. Rimu hununuliwa.

Washa taa zote za tahadhari. Usiku acha na taa ndogo zikiwaka. Kisha kila mtu ashuke kwa mlango usiotazama magari yanayopita, na wote wakae mbali na gari, nyuma ya chuma cha ukingo kama kipo. Nasisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu watu hupona kwenye mpasuko halafu wakagongwa wakiwa wamesimama kati ya gari lao na barabara, wanaitazama tairi. Watoto washikwe mikono. Asiachwe mtu amesinzia kiti cha nyuma, wala watu wasipumzike nyuma ya gari wakitazama buti. Gari likigongwa kwa nyuma, hao ndio wa kwanza.

Pembetatu ya kuakisi mwanga niiweke umbali gani?

Sheria hutofautiana, hivyo fuata za nchi unayopita. Kwenye barabara kuu yenye mwendo wa kasi, watu wengi huiweka karibu mno: pembetatu iliyo hatua kumi nyuma ya gari haimsaidii dereva anayekata mita 28 kwa sekunde. Mita 50 ni kidogo, 100 ni bora, na kama kuna kona nyuma yako, iweke kabla ya kona. Tembea ukiwa pembeni kabisa, umeifungua na kuinyanyua mbele yako ili ionekane.

Zipo barabara ambazo kuiweka kwenyewe ni hatari kuliko faida. Kanuni za barabarani za Uingereza, kwa mfano, husema iwekwe angalau mita 45 nyuma ya gari kwenye barabara za kawaida, lakini zinakataza kabisa kuitumia kwenye barabara za mwendo kasi zenye njia nyingi. Ukiona kuifikia sehemu yake kunakulazimu kutembea kwenye lami, iache.

Nibadilishe mwenyewe au niite msaada?

Swali la kujiuliza si kama unajua kazi. Ni kama mgongo wako utakuwa kwenye magari. Tairi lililopasuka likiwa upande wa barabara, na nafasi iliyopo ni finyu, usichuchumae hapo. Ita msaada, au tambaa kwa rimu hadi penye nafasi. Vivyo hivyo kama ni usiku bila mwanga, kama umesimama kwenye mteremko, au ardhi ni tope ambalo jeki itazama.

Nabadilishaje tairi salama?

Zima injini, vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki. Weka jiwe au kabari kwenye gurudumu lililo kona ya mkabala: kama limepasuka la mbele kulia, zuia la nyuma kushoto, mbele na nyuma yake.

Legeza nati kabla ya kuinua gari, kama nusu mzunguko kila moja, tairi likiwa bado limekanyaga chini. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka nawe, na ukilazimisha gari litaanguka kutoka kwenye jeki.

Sasa jeki. Hapa kuna jambo ambalo waliozoea pancha za kawaida hawalitarajii: tairi likipasuka kabisa gari hukaa chini sana, na jeki huenda isipenye. Ukiwa na ubao mnene, uweke mbele ya gurudumu hilo na ulisogeze gari likanyage juu yake, kabla hujaweka kabari na kulegeza nati. Sentimita chache zinatosha. Ubao mwingine uweke chini ya jeki kama ardhi ni laini. Jeki ikae kwenye sehemu iliyoimarishwa chini ya kizingiti cha mlango, ambayo kitabu cha gari huionyesha, si popote penye bati. Inua hadi tairi liachane na ardhi, kisha ongeza kidogo, kwa kuwa spea yenye upepo inahitaji nafasi zaidi ya ile iliyopasuka. Laza spea chini ya ubavu wa gari wakati unafungua nati: jeki ikiteleza, gari litaangukia spea. Ukitoa tairi bovu, libadilishane nafasi na spea. Usiingize mwili wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki ya njiani.

Kabla ya kufunga spea, chungulia ndani ya tundu la gurudumu. Vipande vya mpira vinavyochapa kwa kasi huweza kukata mpira wa breki au waya za vitambuzi. Ukiona majimaji yanatiririka, safari imekwisha hapo. Ita gari la kuvuta.

Kaza nati kwa mkono kwanza, upande uliochongoka ukitazama rimu. Shusha gari, kisha kaza kwa spana kwa mfumo wa msalaba, ya juu kisha ya mkabala wake, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hadi 80 simama mahali salama uzikaze tena, maana hulegea zinapojikalia.

Nati zimegoma kabisa.

Hakikisha unazizungusha kinyume cha saa. Mpini mrefu zaidi, hata bomba lililovikwa kwenye spana, huongeza nguvu. Kusukuma kwa mguu kuelekea chini ni salama kuliko kuvuta kwenda juu kwa mgongo. Na tazama kama mojawapo ina umbo tofauti: hiyo ni nati ya kufuli, na ina ufunguo wake maalumu.

Spea yangu ni nyembamba. Niendelee na safari?

Endelea hadi kwenye gereji ya karibu tu. Spea nyembamba kwa kawaida huandikwa mwisho wa mwendo kuwa kilomita 80 kwa saa, na nyingi huhitaji upepo wa bar 4.2, yaani takriban psi 60, karibu maradufu ya tairi la kawaida. Hapo ndipo wengi huumbuka: spea imekaa kwenye buti miaka, na siku ya siku haina kitu.

Gari langu halina spea, lina chupa ya gundi na pampu.

Gundi hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Tairi lililopasuka, au lililochanika ubavuni, haiwezi kulifanya lolote, utahitaji kuvutwa. Lijue hili kabla ya kwenda mahali pasipo na mtandao wa simu. Matairi yenye ubavu mgumu yanayoweza kutembea bila upepo ni jambo jingine: mengi hukupa kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Lakini hata hayo hayana msaada ubavu ukishachanika.

Kwa kweli tairi hupasuka kwa nini?

Wengi husema ni joto la lami au msumari. Joto na msumari vina sehemu yao, ila mara nyingi chanzo ni upepo mdogo. Tairi lenye upepo pungufu hukaa limelala, na kila mzunguko ubavu wake hujikunja na kukunjuka. Kunja waya mara nyingi pale pale uone unavyopata moto kabla haujakatika. Ubavu wa tairi hufanya hivyo mara mamia kwa dakika. Mpira huanza kuachana na nyuzi zilizo ndani, nyuzi hudhoofika, na tairi hufumuka wakati wowote, mara nyingi gari likiwa kwenye mwendo mzuri na abiria wamepumzika.

Ushahidi huonekana ukilitazama kwa karibu. Ubavuni kutakuwa na mstari uliozunguka tairi zima, umesuguliwa hadi umebadilika rangi. Likivuliwa kwenye rimu, ndani hutoka unga mweusi wa mpira, chembechembe ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Unga huo haukutengenezwa dakika ile ya mshindo. Ulikuwa ukijikusanya kilomita kwa kilomita, na hakuna aliyekuwa akipima upepo.

Mzigo na kasi huharakisha mambo. Kila tairi limeandikwa uwezo wake ubavuni: ukisoma 205/55 R16 91H, ile 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa, likiwa na upepo kamili. Gari la familia lenye watu kamili, mizigo kwenye buti na mingine juu ya paa hufika ukomo huo upesi kuliko mtu anavyodhani.

Kisha kuna majeraha ya zamani. Gurudumu likiingia kwenye shimo kwa kishindo, ubavu hubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, nyuzi hukatika ndani, na nje hubaki uvimbe mdogo kama nundu. Tairi lenye nundu lisiende safari. Halina mjadala.

Mara chache kosa huwa la kiwandani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilipotangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya tabaka za juu kubanduka safarini na magari kupinduka. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria iliyokuja kulazimisha magari madogo mapya yawe na taa ya kuonya upepo ukipungua.

Nijaze upepo kiasi gani?

Ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi. Hiyo ni ukomo wa tairi lenyewe, haijui gari lako lina uzito gani. Vibandiko vingi vina safu mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Kwa safari fuata ya pili. Kama mashine inasoma bar na kibandiko kina psi, bar 1 ni psi 14.5.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Na hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: mtu anasimama katikati ya safari, anakuta upepo umepanda, anautoa “ili tairi lisipasuke.” Kupanda huko ni kwa kawaida, hewa iliyopata joto hutanuka, na watengenezaji wamekwisha kulihesabu. Ukiutoa, tairi likipoa litakuwa pungufu, na umeanzisha mwenyewe ule ugonjwa niliouelezea hapo juu.

Taa ya upepo haijawaka. Si inatosha?

Haitoshi. Kwa kanuni za Marekani taa hiyo hutakiwa kuwaka upepo ukiwa umepungua robo nzima. Tairi lililopungukiwa asilimia 20 huku limebeba mzigo kamili litakuunguzia safari bila taa kusema neno. Ikiwaka, simama upime. Usiseme nitaangalia nikifika.

Matairi yangu bado yana kashata nzuri, ile michongo ya mpira inayokanyaga barabara. Umri una maana?

Ndiyo. Mpira huzeeka hata ukikaa, na jua huuharakisha. Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri kubadilisha baada ya miaka 6, na watengenezaji wa matairi wengi huweka 10 kuwa mwisho hata kama linaonekana zuri. Hesabu hiyo inaihusu na spea. Ukinunua tairi dukani, soma namba hizo kabla ya kulipa, kwani “jipya” huweza kuwa limekaa rafu miaka mingi.

Kuhusu kashata zenyewe, nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kiwango cha chini. Kwenye mifereji ya tairi kuna vituta vidogo. Mpira ukiwa sawa navyo, tairi limekwisha.

Lililopasuka linaweza kuzibwa?

Hapana. Fundi akikuambia atalishona ubavu, mshukuru uondoke. Tundu la msumari katikati ya sehemu inayokanyaga, lisilozidi milimita 6, huzibika vizuri likitolewa kwenye rimu na kuzibwa kutoka ndani. Ukinunua badala yake, nunua mawili kwa ekseli moja, na yaliyo mapya zaidi yafungwe nyuma hata kama gari huendeshwa na magurudumu ya mbele. Mkia ukiteleza ni vigumu kuurudisha.

Na nikiwa kwenye pikipiki, au navuta trela?

Kwa pikipiki, shika usukani imara, achia mafuta polepole, na usitumie breki ya gurudumu lililopasuka. Tumia ya gurudumu zima, taratibu. Kwa trela, tairi lake likipasuka litaanza kuyumba na kulisukuma gari. Nyoosha usukani, achia mafuta, na kama trela ina breki zake zinazotumika peke yake, zibane hizo kidogo. Huvuta trela nyuma na kulinyoosha.

Nibebe nini kwenye buti?

Kipimo cha upepo, hata kidogo cha mkono. Jeki uliyowahi kuijaribu, spana inayoingia kwenye nati zako hasa, vipande viwili vya ubao, kabari, tochi yenye betri, glavu, pembetatu na fulana zinazoakisi mwanga. Fulana ziwe ndani ya gari, maana ukizifungia kwenye buti utashuka bila kuivaa. Ufunguo wa nati ya kufuli uwe na mahali pake maalumu. Mara nyingi hubaki gereji baada ya matengenezo, na kugundua hilo kando ya barabara, gari likiwa limeshainama upande mmoja, ni kuchelewa.